Kicheko Mbele ya Drapo

Mauwa Soudi ni mwalimu wa Kifaransa na uraia katika shule moja ya sekondari huko Mikelenge, mjini Kindu. Ana miaka thelathini na minane, mume seremala, na watoto wawili. Wanafunzi wanamheshimu ingawa hajawahi kushika fimbo. Kuna kitu kimoja tu asichokivumilia darasani: mwanafunzi kumcheka mwenzake. Ukicheka wakati mwenzio amekwama kusoma, Madame Mauwa atafunga kitabu, atakutazama, na darasa zima litakaa kimya mpaka mwenyewe uombe radhi. Hakuna aliyejua tabia hiyo ilitoka wapi. Hata mumewe hakujua.

Mwezi wa tano mwaka 2024, mzee Okito alifungua maonyesho ya picha katika depo ya zamani, ghala la mizigo karibu na stesheni ya reli. Watu wazima wa Kindu wanamjua Okito. Wakati wa vita ndiye aliyekuwa akiwapiga picha ndogo za vitambulisho, mbele ya shuka jeupe alilolitundika barazani kwake. Kumbe filamu iliyobaki baada ya wateja kuondoka hakuwa akiiacha ilale. Alikuwa akiimalizia barabarani, kamera ameificha kikapuni chini ya majani ya sombe. Aliwapiga picha wanawake na mizigo yao, fundi akiziba pancha ya baiskeli, watu wakisubiri kupimiwa chumvi kwa kijiko, watoto wakioga kwenye dimbwi. Filamu hizo alizifungia ndani ya mkebe wa maziwa kwa miaka ishirini na zaidi, hadi shirika moja lilipomsaidia kuzisafisha na kuzikuza.

Mkuu wa shule aliagiza madarasa yote yapelekwe kuona. Mauwa alikwenda na wanafunzi wake arobaini na mmoja siku ya Alhamisi, wakitembea wawili wawili kando ya barabara. Alikuwa amewapa kazi: kila mmoja achague picha moja na kuandika ukurasa mmoja juu yake.

Ndani ya depo picha zilikuwa zimening'inizwa kwa vibanio vya nguo kwenye waya, kuanzia mlangoni hadi ukuta wa mwisho. Wanafunzi walifurahi. Mmoja alimtambua bibi yake akiwa bado kijana, wengine wakashangaa suruali za zamani. Mauwa alitembea polepole nyuma yao. Mbele ya picha ya chumvi alisimama kidogo, akakumbuka ladha ya mboga isiyo na chumvi, akapita. Alikuwa amepumzika moyoni, kama mtu anayetembelea jambo lililokwisha.

Kwenye ukuta wa mwisho watoto wengi walikuwa wamekusanyika mbele ya picha moja kubwa. Mauwa alisogea, akatazama juu ya vichwa vyao.

Katika picha ile kulikuwa na mwanamume amelala kifudifudi katika matope, viwiko vimekunjwa, uso karibu unagusa maji. Kando yake baiskeli ilikuwa imeanguka pamoja na bidoni zake, madumu ya mafuta. Viatu vya askari vilionekana, askari wenyewe hapana. Nyuma kulikuwa na watu, kundi zima, wote wanacheka. Lakini kamera haikumshika vizuri yule wa matopeni. Yeye alitoka kama kivuli. Aliyetoka wazi kabisa, hata meno yakahesabika, ni msichana wa shule aliyesimama mstari wa mbele, blauzi nyeupe, mkono begani kwa mwenzake, kichwa amekirusha nyuma kwa kicheko. Chini yake iliandikwa: *Karibu na soko, asubuhi, 2001.*

Mwanafunzi mmoja aitwaye Divine, msichana mkimya ambaye huona mambo, aligeuka akamtazama mwalimu wake, akaitazama picha tena.

"Madame," akasema, "huyu mwenye kucheka iko sawa na wewe."

Wengine wakageuka pia.

"Wasichana wote wa shule wa wakati ule walifanana," Mauwa akajibu. "Endeleeni. Tuko na saa moja tu."

Hilo ndilo alilosema. Na kabla hawajatoka depo alikuwa tayari anajua kwamba amemkana mara ya pili.

Mwanamume wa matopeni alikuwa Soudi Amisi, baba yake mzazi.

Kabla ya vita Soudi alikuwa karani wa reli. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni, na jirani aliyetaka kuandikiwa barua alikwenda kwake. Vita vilipofika treni zikasimama, na mshahara ukasimama nazo. Soudi alikaa miezi mitatu akingoja. Kisha akauza redio, akanunua baiskeli ya zamani, na kuanza kwenda njia ya Pangi kutafuta mafuta ya mawese na mchele. Baiskeli yenye bidoni tatu haipandwi. Inasukumwa, mtu akitembea kando yake siku nne kwenda na siku tano kurudi, na msituni kuna wenye bunduki wa kila aina. Akirudi alikuwa mweusi wa jua, miguu imepasuka, kaptura imechanika. Watoto wake walikula kwa sababu ya miguu hiyo.

Mauwa alikuwa na miaka kumi na mitano. Rafiki yake mkubwa shuleni alikuwa Francine, ambaye baba yake alifanya kazi katika ofisi ya waasi waliokuwa wameushika mji. Kwao Francine kulikuwa na sabuni, sukari na jenereta. Siku moja Francine alimuuliza Mauwa baba yake anafanya kazi gani. Mauwa alijibu bila kufikiri kwamba baba yake yuko Lubumbashi na watu wa reli, vita vimemfungia huko. Uongo huo ulimkaa vizuri kama nguo ya sikukuu. Tangu siku hiyo, akimwona baba yake anapita na baiskeli barabarani, alibadilisha njia.

Asubuhi ile walikuwa wanakwenda shule, yeye na Francine. Filimbi ikalia mbele ya ofisi ya utawala, karibu na soko, na drapo, yaani bendera, ikaanza kupanda. Wote mnajua desturi: filimbi ikilia, kila aliye barabarani anasimama palepale, mama na beseni lake kichwani, mtoto na mpira wake, hata mbwa utadhani anasimama. Watu wakasimama. Ila kutoka upande wa mto, pale barabara inaposhuka kidogo, mtu mmoja alikuwa anakuja na baiskeli nzito. Aliikaza breki. Breki haikushika. Aliivuta kwa mwili wake wote, na bado baiskeli ilikwenda hatua tatu kabla haijasimama.

Askari wawili wakamwita. Akajieleza kwa adabu. Wakaisukuma baiskeli, bidoni moja ikapasuka na mafuta mekundu yakamwagika njiani. Wakamlaza kwenye dimbwi wakamwambia apige pompe, ajiinue na kushuka kwa mikono, na kila akijiinua aiamkie bendera kwa sauti. Alijiinua, akaamkia, akaanguka. Mtu mmoja katika kundi akacheka, labda kwa woga. Kisha wengine.

Mauwa alikuwa amemtambua tangu kwenye mteremko. Francine, aliyekuwa anacheka, akamgeukia na kuona kwamba mwenzake hacheki.

"Unamujua huyu?" akauliza.

"Nitamujulia wapi?" Mauwa akasema, na akacheka. Alicheka kuliko Francine. Ili pasiwe na shaka, alimshika Francine bega na kukirusha kichwa nyuma.

Saa sita mchana baba yake alirudi nyumbani, tope limemkaukia mpaka kwenye nyusi. Aliwaambia kwamba aliteleza akishuka mtumbwini, na bidoni moja imepotelea mtoni. Mama yake Mauwa alichukua shati akalifua bila kuuliza neno. Jioni walikula wali, na Mauwa alikula sahani yake yote. Hakuna aliyelizungumza jambo hilo siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Vita viliisha, Francine akahamia Goma na jamaa zake, mama yake Mauwa akafariki, Soudi akavuka mto kwenda kuishi Alunguli alikokuwa na shamba dogo. Mauwa akasoma, akawa mwalimu.

Sasa wanafunzi wake walileta karatasi zao. Kumi na wawili walikuwa wamechagua picha ile. Mauwa alizisoma mezani kwake, kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha herufi tu kwa kuwa hakuthubutu kugusa kitu kingine. Wengi walimwonea huruma mtu wa matopeni. Baadhi waliandika kwamba ni mwizi aliyekamatwa, basi alistahili. Divine aliandika juu ya msichana. Mstari wake wa mwisho ulisema: "Nafikiri huyu dada hakuwa na baba, maana mtu mwenye baba hawezi kucheka hivi."

Mauwa aliweka kalamu chini. Mumewe alimuuliza kama anaumwa, akasema kichwa.

Kesho yake, baada ya masomo, alirudi depo peke yake. Mzee Okito alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Mauwa alimsalimu, akazunguka maneno, kisha akamwomba aiondoe picha ya ukuta wa mwisho. Alisema watoto wanaielewa vibaya. Okito alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kama ni kwa ajili ya watoto, utawaelewesha, wewe njo mwalimu," akasema. "Kama ni kwa ajili ya huyu msichana, nilikutambua uso tangu ulipoingia na wanafunzi wako. Lakini picha si ya msichana. Ni ya huyu mzee. Yeye akiniambia niitoe, naitoa leo. Wewe unamujua?"

Mauwa alitazama sakafu.

"Huyu njo baba yangu," akasema.

Okito alimwambia avute kiti. Kisha akamweleza kwamba siku ile yeye alikuwa nyuma ya dirisha la duka, na askari mmoja kati ya wale wawili alimfahamu, kwani Okito alikuwa amempiga picha wiki iliyotangulia na kutaniana naye. Angeweza kutoka na kusema neno. Pengine lingesaidia, pengine hapana. Alipiga picha moja, akaificha kamera, akangoja mpaka barabara iwe tupu. Alisema hayo bila kujitetea, na Mauwa hakupata nafuu yoyote kwa kuyasikia.

Siku ya Jumapili alivuka kwenda Alunguli. Alimkuta baba yake uani, anaanika mpunga juu ya turubai. Soudi ana miaka sitini na nane sasa, magoti yameharibika, lakini shati lake bado lina pasi. Alifurahi kumwona. Alimwita mama, kama alivyokuwa akimwita siku zote, akamtolea kiti, akaulizia wajukuu. Mauwa alileta sukari na sabuni; akaviweka chini, akakaa, na kwa kuwa aliogopa kwamba akinywa maji hatasema tena, alisema palepale.

Alimweleza kwamba Okito ana picha ya asubuhi ile mbele ya ofisi, na watu wanaiona. Soudi aliacha kusambaza mpunga.

"Asubuhi gani?"

"Ya drapo, Baba. Walipokulaza kwenye matope."

"Nani alikuambia hiyo?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa pale. Nilikuwa mbele, na Francine. Nilikuona tangu unashuka na baiskeli. Nilisema sikujui. Nilicheka."

Njiani, juu ya mtumbwi, Mauwa alikuwa ameyapanga majibu yote ambayo baba yake angeweza kumpa. Alimwona akikasirika. Alimwona akisema, nilijua tangu siku ile, mwanangu, nilikusamehe zamani. Hilo la pili ndilo alilolitumaini kwa siri. Hakuwa amefikiri kwamba mzee hakujua kitu.

Soudi alikaa chini taratibu kwenye ukingo wa turubai.

"Mimi miaka yote hii," akasema, "nilikuwa namushukuru Mungu kwa jambo moja. Nilisema, wamenifanya vile mbele ya muji mzima, lakini hapakuwa mutu wa nyumba yangu. Watoto wangu hawakuona. Hiyo njo ilinipa nguvu ya kurudi tena njia ya Pangi."

Mauwa alitambua kwamba alikuja kutua mzigo wake, na ameutua kichwani mwa baba yake. Alipiga magoti ardhini akaomba msamaha. Mzee akamshika mkono, akamwinua, wala hakusema amesamehe wala hakusema hapana. Mauwa akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba Okito yuko tayari kuiondoa picha akitaka. Soudi alitikisa kichwa kana kwamba hajasikia vizuri.

"Nenda nyumbani, mama. Mvua iko inakuja."

Mbingu ilikuwa nyeupe toka upande hadi upande. Hapakuwa na wingu hata moja.

Siku tisa zikapita bila simu kutoka Alunguli. Mauwa alimpigia mara nne, na mara nne jirani alipokea akasema mzee yuko shambani, au amelala. Jumanne ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, Okito alimpigia akamwambia baba yake amefika depo. Mauwa aliomba ruhusa akaenda kwa pikipiki.

Mzee Soudi alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa mwisho. Alikuwa amevaa shati jeupe na kalamu mfukoni, na machoni miwani ya kuazima ya Okito, iliyofungwa uzi upande mmoja. Mauwa hakuthubutu kumkaribia. Alisimama nyuma, karibu na picha ya fundi wa pancha, na kutoka pale aliweza kuona baba yake akiinama, akitazama matope, akitazama baiskeli, akisogea taratibu hadi kwa msichana. Kwa msichana alikaa muda mrefu. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha.

"Niitoe, papa?" Okito akauliza.

"Hapana. Lakini haina jina. Mutu akiona hivi atasema ni mwizi wamemukamata."

"Wako waliosema hivyo."

"Basi uandike. Andika Soudi Amisi, karani wa reli. Andika kama alikuwa anatoka Pangi kutafutia watoto chakula, na baiskeli yake ilitembea hatua tatu drapo ikipanda. Hatua tatu. Si kumi."

Okito aliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni, polepole, na Soudi alimsahihisha herufi moja ya jina lake. Kisha Okito akanyoosha kidole kwa msichana, bila kumtazama Mauwa, akauliza kama naye aandikwe.

"Huyo iko na mudomo wake," Soudi akasema. "Atajisemea."

Akapita mbele ya binti yake akitoka. Alimsalimu, akamuulizia watoto wake kwa majina, mmoja mmoja. Mauwa alitaka kumsindikiza mpaka kivukoni. Mzee alisema anajua njia.

Kesho yake Mauwa aliingia darasani na karatasi zilizosahihishwa. Hakuzigawa. Aliwaambia wanafunzi kwamba msichana wa kwenye picha ni yeye, na kwamba Divine alipouliza alidanganya. Aliwaambia mtu wa matopeni ni nani. Alieleza yote, Lubumbashi na Francine na sahani ya wali, akiwa amesimama. Baadhi ya wasichana waliinamisha vichwa. Yeye alijitahidi kutoinamisha chake, na hakuweza mpaka mwisho.

Alipokwisha, kijana mmoja wa benchi ya nyuma, mwenye moyo mwema, alitaka kumsaidia.

"Madame, ni kwa sababu ulikuwa unaogopa basoda?"

Ilikuwa rahisi kukubali. Darasa zima lilikuwa linatamani akubali, hata yeye mwenyewe.

"Hapana," akasema. "Askari hawakuniangalia hata. Nilimuogopa Francine."

Divine aliinua mkono, akauliza mzee alisema nini alipoiona picha. Mauwa akajibu kwamba aliomba jina lake liandikwe.

"Na wewe, alikuambia nini?"

"Mimi bado hajaniambia."

Maonyesho yalifungwa mwisho wa mwezi wa sita, na Okito akampa mzee picha ile. Soudi aliikubali, akaizungushia gazeti, akaiweka ndani ya sanduku la nguo, si ukutani. Jumapili nyingi Mauwa huvuka kwenda kumsaidia kupepeta mpunga. Huzungumza habari za bei ya mbegu, za magoti, za wajukuu. Mzee hajawahi kulirudia jambo lile, na siku hizi, anapompokea uani, humwita Mauwa, si mama.